Wanaokaa Uani kwa Bibi Khadidja

Ziwa liliingia uani kwa Bibi Khadidja bila kishindo. Lilikuja wakati wa masika, kila asubuhi likisogea kidogo, mpaka likameza wigo wa michongoma wa upande wa chini, likameza banda la jiko la zamani, likafika kwenye sakafu ya saruji ya kufulia nguo na kusimama hapo. Mpera uliokuwa katikati ya ua ukabaki ndani ya maji. Mvua zilipokatika, majirani wengi wa upande ule wa Kajaga, nje ya mji, walikuwa wamekwisha kuhama. Bibi Khadidja alibaki.

Mwanawe, Nasor, alikuwa na duka la vitambaa mjini na nyumba ya ghorofani juu ya duka hilo. Chumba cha mama yake kilikuwa tayari, kimepakwa rangi na kutandikwa kitanda. Alikuwa amembembeleza kwa simu, kwa kumtuma imamu, hata kwa kumnunia. Shule zilipofungwa mwezi wa saba akabadili njia.

"Twende tukakae naye vakansi nzima," alimwambia mkewe, Nafisa. "Akituzoea, hataweza tena kubaki peke yake. Shule zikifunguka tunarudi naye."

Nafisa hakubisha, ingawa moyo haukumpa. Yeye na mama mkwe wake hawakuwahi kugombana, wala hawakuwahi kuzungumza sana. Walisalimiana vizuri, wakaulizana afya, wakaulizana habari za shule ya Ruqaya, binti wa miaka kumi ambaye ndiye mtoto pekee wa Nafisa na Nasor, kisha maneno yakaisha na kila mmoja akatazama kikombe chake. Kazi ya Nafisa ilikuwa kupiga picha harusini, upande wa wanawake. Alijua kumsimamisha bibi harusi aliyelia usiku kucha mpaka aonekane amelala vizuri. Aliweka kamera kwenye begi pamoja na nguo, kwa mazoea tu.

Siku ya kwanza walikula mukeke, samaki wa ziwa lile, wa kukaanga kwa wali, barazani, wakitazama maji. Ilikuwa kiangazi, vumbi na moshi vimetanda juu ya ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo ile haikuonekana kabisa. Maji yalikuwa yanaanza uani na kuishia mahali pasipojulikana, kwenye weupe.

Nasor hakungoja hata chai. "Mama, unaona mwenyewe. Maji iko mulangoni."

"Iko kwa kufulia," alisema Bibi Khadidja. "Mulangoni bado."

"Na masika ikirudi?"

Mama yake alitoa mwiba wa samaki mdomoni, akauweka pembeni mwa sahani. "Nitakwenda, Nasor. Nimesema nitakwenda. Lakini siendi mikono mitupu. Muke wako anajua kupiga foto. Anipigie foto ya kila anayekaa hapa, niende nao. Wakiisha wote, nafunga mizigo."

"Anayekaa hapa nani tena? Si we peke yako?"

Bibi Khadidja alinyoosha kidole ukutani. Nyuma ya saa ulichomoza mkia wa mjusi, mweupe, ukitikisika.

"Huyu mumoja," alisema.

Nasor alicheka kwa furaha. Usiku alimwambia Nafisa kwamba kazi ile ni ya wiki moja, ikizidi sana mbili.

Nafisa alianza kesho yake, Nasor alipokwisha kuondoka kwenda dukani. Mjusi wa nyuma ya saa alikuwa rahisi. Mjusi wa nje, yule wa kichwa cha rangi ya buluu anayeinua na kushusha kifua juu ya jiwe, alikuwa rahisi pia. Bibi Khadidja alimwita Mwalimu, kwa kuwa kila ukimtazama anaitikia. Ruqaya alileta kinyonga juu ya fimbo. Siku ya pili ikaisha hivyo, kwa vicheko, na Nafisa akaona mumewe alisema kweli.

Kisha wakaja wenye mabawa. Mdiria alikaa juu ya waya wa kuanikia nguo, akajitupa majini kama kitu kilichoanguka, akatoka na samaki. Nafisa alipiga picha nyingi. Jioni alimwonyesha mama mkwe wake kwenye kioo cha kamera.

"Huyu nani?" aliuliza Bibi Khadidja.

"Mdiria, Mama."

"Mdiria gani? Hii ni moshi."

Ruqaya alicheka hadi akakohoa. Nafisa alitazama tena, akaona kweli ni moshi wa kijivu juu ya maji ya kijivu.

"Shida yako unasimama," alisema mama mkwe. "Unasimama kama mutu anangojea basi. Kaa chini."

Basi Nafisa akakaa chini. Kila asubuhi, kazi za ndani zilipokwisha, alitandika mkeka pembeni ya sakafu ya kufulia, akaketi, miguu imekunjwa, kamera mapajani. Bibi Khadidja alikaa nyuma yake barazani na chupa ya kahawa ya tangawizi, mswaki mdomoni, na ule mswaki ndio uliokuwa fimbo yake ya kuonyeshea. Huyu anakaa pale. Wale wanakaa kule. Ruqaya alizunguka kati yao wawili na bakuli la pumba za kuku, maana siku ya tatu tu alikuwa amekwisha kujipa kazi ya kuku, akiwafungulia banda asubuhi na kuwafungia jioni.

Siku zikaanza kufanana. Jua lilipanda bila makali, kama taa iliyofunikwa kitambaa. Nafisa alisahau simu ndani ya nyumba, kesho akaisahau tena. Aliona kwamba maji hayakuwa maji matupu. Juu yake yalielea majani mapana ya yungiyungi, na juu ya majani alitembea ndege mwekundu wa rangi ya kahawa, mwenye vidole virefu kupita kiasi, akiinua mguu mmoja mmoja kwa uangalifu kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga shela yake. Nafisa alipiga picha hiyo na safari hii haikuwa moshi. Kwenye matawi ya mpera walioning'iniza viota walikuwa minana wa manjano, kelele tangu kunapokucha, dume akisuka, jike akija kukagua na kubomoa. Kereng'ende walitua juu ya goti lake. Saa nyingine hakujua kama yuko macho au amelala, mpaka kitu kitikisike majini naye aone kidole chake kimekwisha kubonyeza.

Siku moja upepo ulilala kabisa na maji yakawa safi hadi chini. Nafisa aliinama akaona mafiga matatu, meusi bado kwa masizi, yamekaa chini ya maji mahali palipokuwa na jiko. Kati ya mafiga alikuwa samaki mdogo mwenye mistari, na mbele yake wingu la vitoto, kila kimoja kama punje ya ulezi. Kivuli cha Nafisa kilipowaangukia, mama yao alifungua kinywa, na wote wakaingia ndani. Wote. Kinywa kikafungwa, uani pakawa kimya, naye samaki akakaa anamtazama.

"Mama!" Nafisa aliita bila kujua anaita. "Mama, njoo uone!"

Bibi Khadidja alishuka barazani polepole, akashika bega la mkwewe, akachuchumaa. Walingoja pamoja. Samaki alipoona salama akafungua kinywa, na lile wingu likatoka tena na kutawanyika juu ya mafiga. Nafisa alipiga picha akiwa ameshika pumzi.

"Hapo," alisema Bibi Khadidja, "ndipo nilipikia pilau ya harusi yenu. Masufuria makubwa, na mvua inanyesha. Nililia kwa ule moshi mpaka watu wakafikiri nalia kwa sababu Nasor anaoa."

"Mi sikujua, Mama. Walikuwa wananipaka hina mjini."

"Ungejuaje? Sikuwahi kukwambia." Hakuondoa mkono begani. "Na nililia kidogo kwa sababu hiyo pia."

Walicheka, na walipomaliza kucheka hawakuinuka mara moja.

Tangu siku ile Bibi Khadidja hakuishiwa maneno. Alimweleza Nafisa habari za marehemu mumewe aliyekuja kujenga hapa wakati watu wote wa ukoo wao walitaka kukaa karibu na sokoni. Jinsi alivyomletea mche wa mpera ndani ya kopo la maziwa. Jinsi watoto wake watatu walivyojifunza kutembea kutoka baraza hadi mpera na kurudi. Alisimulia bila kuhuzunika, kama mtu anayepanga nguo kabatini. Nafisa alisikiliza huku akitazama majini, na mara nyingine alipiga picha katikati ya sentensi.

Na wakaaji waliongezeka. Kila Nasor aliporudi jioni na kuuliza, "Wamebaki wangapi?" mama yake alikumbuka mwingine. Nyigu wa chini ya paa. Kenge aliyekuwa akiota jua juu ya bati la jiko lililozama. Inyamanza, yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetingisha mkia, ambaye Sylvère, jirani mvuvi, alisema hakuna Mrundi wa kumtupia jiwe, ni mwiko. Mwezi wa nane ukaingia. Nasor alianza kuuliza bila kucheka.

"Na mdiria?" aliuliza jioni moja.

"Bado," alisema Nafisa. "Anakwenda haraka sana."

Usiku, wakiwa chumbani, Nasor aliichukua kamera akaanza kutazama picha, akibonyeza moja moja. Alifika kwenye moja akasimama. Mdiria alikuwa juu ya waya, kila unyoya unaonekana, samaki mdomoni, tone la maji linaning'inia mkiani mwa samaki.

"Hii ni ya lini?"

Nafisa aliendelea kukunja mtandio wake.

"Nafisa. Hii uliipiga lini?"

"Zamani kidogo."

"Kwa hiyo ni we unamuchelewesha." Alisema kwa sauti ya chini, maana ukuta ulikuwa mwembamba, na ile sauti ya chini iliuma zaidi. "Mi nazunguka na deni la usingizi, nikisikia upepo usiku nafikiri nyumba imemwangukia, na we unaficha foto ya ndege."

"Yuko na furaha hapa, Nasor. Na mi pia."

"Na masika?"

Nafisa alichukua kamera, akaizima, akalala akitazama ukuta.

Sijui kama Bibi Khadidja alisikia. Siku iliyofuata, Ijumaa, mezani, alisema mwenyewe: "Amebaki mumoja tu. Mukubwa. Anakuja alfajiri, si kila siku. Huyo mukimupata, naenda."

"Mukubwa gani?" aliuliza Nasor.

"Utamuona."

Nasor alimtazama mkewe kama anayesema: haya, umeona. Lakini alisema hatakwenda dukani mapema kesho, atakaa nao amngoje huyo mkubwa, na asipokuja, mizigo itafungwa hivyohivyo.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji. Walikwisha kuswali. Bibi Khadidja alibaki barazani juu ya mswala wake, nyuma ya ukuta mfupi wa matofali, tasbihi mkononi. Nasor na Nafisa walisimama ndani, dirishani, dirisha likiwa wazi na kamera juu ya kizingiti. Mwanga ulikuwa wa rangi ya maziwa. Hakuna kilichotikisika, hata minana walikuwa bado.

Kwanza Nafisa alifikiri ni mpera umesogea. Kisha ule weusi ukapanda kutoka majini, maji yakiutiririka bila sauti, ukawa mgongo, ukawa kichwa. Kiboko. Alipanda uani akashusha pua kwenye majani mabichi yaliyoota pembeni mwa maji, na nyuma yake, karibu kabisa na tumbo lake, akatoka mtoto, anang'aa kama sabuni. Mama akala. Mtoto akasimama, akapiga chafya. Wakasogea mbali na maji, wakila, mpaka wakafika katikati ya ua.

Nasor alimshika Nafisa mkono. Nafisa aliona midomo yake ikisema jina la Mungu. Yeye mwenyewe hakuwa na hofu bado. Alikuwa ndani ya kile kioo kidogo, na katika kioo kile kila kitu kilikuwa kizuri, na kidole chake kilikuwa kinafanya kazi yake.

Ndipo Ruqaya akaingia ndani ya picha.

Alikuwa ametokea mlango wa jikoni, kando ya nyumba, na bakuli la pumba, nywele hazijafungwa, macho yamejaa usingizi. Hakutazama uani. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda la kuku lililokuwa karibu na sakafu ya kufulia, akafungua komeo. Alipogeuka, kiboko alikuwa ameinua kichwa. Mtoto wa watu alikuwa amesimama kati yao na ziwa.

Nasor alifungua kinywa kupiga kelele. Nafisa akamziba kwa kiganja, sijui kwa akili gani, kwa sababu mwenyewe kelele ilikuwa imemjaa kifuani.

"Ruqaya," alisema Bibi Khadidja barazani. Alilisema kama anamwita aje ale. "Usikimbie, mama. Ingia kwa kuku."

Mtoto hakutikisika.

"Inama. Ingia kwa kuku. Funga mulango."

Bakuli likaanguka. Ruqaya aliinama, akajisukuma ndani ya banda, na kuku wakalia, na ule mlango wa mbao ukavutwa kwa ndani. Kiboko alipumua kwa nguvu, pumzi iliyosikika mpaka dirishani. Akaja. Hakukimbia, lakini ardhi ilijua anakuja. Bibi Khadidja alikuwa amesimama sasa, anasoma aya kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kiboko akapita banda. Ubavu wake ukalisugua, mbao zikalia, banda likaegemea upande mmoja. Mtoto wake akamfuata mbio. Wakaingia majini, na maji yakawafunika, na ukungu ukajifunga juu yao kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupita.

Nasor aliruka dirisha. Alivunja mlango wa banda kwa mikono, akamtoa binti yake akiwa amejaa manyoya na mavi ya kuku, mzima, hana hata mchubuko. Akamkumbatia akakaa naye chini, hapohapo kwenye majani. Nafisa alifika akawaangukia wote wawili. Aliposikia sauti ya kamera aligundua bado ameishika na kidole bado kimebonyeza, inapiga picha za udongo.

Siku nzima hakuna aliyezungumza juu ya kuhama. Nasor hakwenda dukani. Alirekebisha banda, akalihamishia ukutani, akigonga misumari zaidi ya iliyohitajika. Ruqaya alioga, akalala mchana kutwa, akaamka akataka chapati. Bibi Khadidja hakula. Alasiri alimwita Nafisa barazani.

"Nionyeshe."

Nafisa alikuwa hajathubutu kutazama. Aliwasha kamera wakatazama pamoja. Mgongo unatoka majini. Mtoto anapiga chafya. Kisha ile moja: upande huu kiboko ameinua kichwa, upande ule Ruqaya na bakuli, na kati yao ua mtupu, mdogo sana.

"Mi nilijua anakuja," alisema Bibi Khadidja. "Tangu masika. Nyinyi mukilala, nilikuwa nafagia mavi yake musione. Nilifikiri, mi niko muzee, tumezoeana, siku akinipitia amenipitia. Mutoto sikumufikiri." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nilitaka mumuone tu. Nilifikiri Nasor akimuona atajua kwa nini sitoki."

"Mama, nami nilificha. Mdiria ninaye tangu mwezi wa saba."

"Najua. Siku ile ulirudi ndani unatabasamu peke yako."

Nafisa alitaka kuifuta ile picha, kidole kilikuwa kimekwisha kufika. Mama mkwe alimshika mkono.

"Apana. Iache. Nitakwenda mjini, nimesema. Lakini mi najijua. Siku nitaanza kulia kwamba munirudishe Kajaga, nionyeshe hiyo."

Waliondoka wiki iliyofuata, kabla shule hazijafunguliwa. Sylvère aliwachukua kuku kwa mtumbwi, akipita juu ya mahali palipokuwa na wigo, na kuku wakasimama kwenye ubao wa katikati, wamenyamaza, wanatazama kulia na kushoto. Ruqaya aliwapungia mkono mpaka wakapotea kwenye matete. Bibi Khadidja alimpa Sylvère ufunguo, akamwambia asiwakataze minana mpera wao na asiruhusu mtoto yeyote ashuke chini ya baraza. Aliingia kila chumba, akatoka. Hakutazama majini.

Nasor alifunga geti, akabaki ameweka kiganja kwenye bati lake kwa muda, kisha akaja akawasha gari. Mama yake alikaa nyuma, kati ya Nafisa na Ruqaya, na sanduku dogo la shaba mapajani. Barabara ya mchanga ilikuwa na mashimo, gari likayumba, na kichwa cha Bibi Khadidja kikaanza kuinama. Hawajafika lami alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, ameegemea bega la mkwewe. Nafisa alijikaza asisogee. Nasor alimwona mama yake kwenye kioo, akazima redio, akapunguza mwendo, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.